Saladi ya Majani na cha Kumwagia Juu: Kitunguu, Muhogo, Sukuma Wiki au Kiazi Kitamu?

Saladi ya majani haichukui muda. Kuosha, kukausha, kukata, kukamulia ndimu: robo saa inatosha. Kinachomkwamisha mpishi ni kile kikaango kidogo kilicho kando. Juu ya majani haya nimwagie nini kilichokauka kau, ili kila tonge liwe bichi na lenye mlio kwa wakati mmoja? Vitunguu vya kukaanga kama vya biriani? Nyuzi za muhogo kama zile za kwenye urojo? Sukuma wiki iliyokaushwa? Au kiazi kitamu kilichokatwa chembamba cha karatasi?

Vyote vinne vinafaa, na vyote vinne vinaweza kuharibu sahani. Wengi huchagua kwa kufuata ladha wanayoipenda. Ushauri wetu ni kuanza na saa na jiko: ni dakika ngapi zitapita tangu kumwaga hadi kula, na moto ulio nao unatawalika kiasi gani. Ukishajibu hayo mawili, ladha itajipangia nafasi yake.

Vigezo

Kila kimoja tumekipima kwa mambo yaleyale. Kwanza kazi, yaani muda kuanzia kisu hadi sahani, pamoja na muda wa kupoa, maana hakuna kati ya hivi kinachokauka sawasawa kikiwa bado cha moto. Pili moto: jiko linalohitajika na jinsi kosa la joto linavyosamehewa. Tatu uimara, na hiki ndicho kigezo kinachosahaulika. Kitu kikavu hunyonya maji popote kinapoyakuta, kwenye jani, kwenye sosi, hata kwenye hewa. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, atapata dakika chache kuliko mtu wa Arusha au Nakuru kwa kitu kilekile kilichokaangwa vilevile. Nne ladha, na jinsi inavyopatana na ubichi wa majani. Mwisho tunasema kinamfaa nani.

Saladi yenyewe, iwe moja kwa zote

Ulinganisho hauna maana kama chini kunabadilika, basi tuchukue saladi ya watu wanne: kichwa kimoja cha letusi (gramu 250 hivi), tango moja, nusu ya pilipili hoho ya kijani, konzi moja ya majani ya giligilani, na parachichi moja lililoiva lakini bado linakatika kwa kisu bila kupondeka. Sosi ni vijiko vikubwa 2 vya maji ya ndimu, vijiko vikubwa 3 vya mafuta, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na pilipili manga kidogo. Tia ndani ya chupa yenye kifuniko, tikisa.

Majani yaoshwe kwa maji safi ya kunywa, jani moja moja, hasa pale chini kwenye shina ambapo udongo hujificha. Kuloweka kwenye maji ya chumvi kunasaidia kutoa wadudu, lakini hakuui vijidudu na hakuchukui nafasi ya maji salama. Kukiwa na kipindupindu eneo lenu, acha majani mabichi kabisa mpaka hali itulie.

Sasa kukausha, na hapa tunaomba usiharakishe. Kung'uta majani, yatandaze juu ya taulo safi la jikoni, likunje, shika ncha nne, toka nje ulizungushe kwa nguvu mara kumi au kumi na tano. Likiwa limelowa, rudia na taulo kavu. Jani likikauka, sosi hulishika; likiwa chapachapa, sosi huteleza mpaka chini ya bakuli na chochote ulichokaanga kinalowa kabla uma haujafika. Lawama nyingi zinazotupiwa kitunguu au muhogo kwa kweli ni za jani lililolowa. Tango nalo toa mbegu kwa kijiko, kwa kuwa sehemu ile ya kati ndiyo yenye maji mengi.

Vitunguu vya kukaanga

*Kazi.* Vitunguu maji vyekundu 3 vya wastani, gramu 350 hivi, vitatoa kama kikombe kimoja vikishakauka. Dakika 35 hadi 40: dakika 5 za kukata, 10 za kukauka kwenye taulo, 12 hadi 15 za kukaanga, na zilizobaki za kupoa. Kata kila kitunguu katikati, kisha vipande vya unene wa milimita 2, vyote sawa. Usawa ndio kila kitu hapa. Kipande chembamba kitaungua na kuwa kichungu wakati kinene bado ni teketeke, na hakuna ufundi wa moto utakaoviokoa vyote viwili. Vichambue kwa vidole vitengane, vitandaze kwenye taulo dakika 10. Usivitie chumvi kabla ya kukaanga: chumvi huvuta maji juu, vinashikamana.

*Moto.* Vikombe viwili vya mafuta kwenye sufuria ndogo yenye kina, moto wa wastani. Tupia kipande kimoja. Kikizungukwa na mapovu bila kubadilika rangi mara moja, tia vyote. Kwa dakika saba au nane za kwanza utadhani hakuna kinachotokea. Mafuta yanachemka kwa kelele, vitunguu vimepauka na kulegea. Hayo ni maji yanayotoka. Kisha kelele hupungua, na kuanzia hapo usigeuze macho, maana kutoka njano hadi kahawia nyeusi ni dakika mbili tu. Koroga bila kuacha na uopoe vikiwa bado rangi ya dhahabu hafifu, vyepesi zaidi kuliko unavyovitaka, kwa kuwa vinaendelea kuiva kwa joto lake vyenyewe kwa muda kidogo baada ya kutoka. Tandaza upesi kwenye karatasi, tenganisha kwa uma mbili, ndipo utie chumvi. Usivifunike vikiwa na joto, mvuke wake wenyewe utavilegeza.

*Uimara.* Juu ya saladi iliyotiwa sosi ni kama dakika 10. Lakini vina sifa ambayo vingine vitatu havikaribii: vikipoa kabisa na kufungwa kwenye chupa kavu isiyopitisha hewa, vinakaa zaidi ya wiki. Mwenye chupa ya vitunguu kabatini saladi yake ni ya robo saa kweli.

*Ladha.* Tamu, nzito, yenye harufu inayojaza nyumba. Inapendeza zaidi na majani yenye uchungu kidogo au giligilani nyingi. Mafuta yaliyobaki usiyamwage: yakipoa, tumia kijiko kimoja kikubwa katika vile vitatu vya sosi. Harufu ya kitunguu itafika hadi chini ya bakuli ambako vipande havifiki.

*Kinamfaa nani.* Anayepika kwa akiba, na anayepika biriani au pilau siku hiyohiyo, kwa kuwa vitunguu viko kwenye mafuta tayari. Havimfai mwenye kukatizwakatizwa jikoni.

Nyuzi za muhogo

Aliyekula urojo pale Mji Mkongwe anajua tayari hoja yetu. Nyuzi za muhogo zinawekwa juu ya mchuzi wa moto wenye ukwaju au embe, na bado zinalia mdomoni. Kama zinavumilia mchuzi, jani lenye ndimu si tatizo kwao.

*Kazi.* Gramu 300 za muhogo mtamu. Dakika 30 hadi 35, na nusu yake ni kazi ya mikono. Menya maganda yote mawili, la kahawia na lile jeupe au la waridi la chini yake. Pasua katikati, toa ule uzi mgumu wa ndani. Kwangua kwa matundu makubwa ya kikwaruzo cha karoti, ukivuta kwa urefu wa mzizi ili nyuzi ziwe ndefu. Kisha osha kwa maji mara mbili au tatu mpaka maji yasiwe meupe. Weupe ule ni wanga, na wanga ndio unaogandisha nyuzi kuwa donge katikati ya mafuta. Kamua kwa kitambaa, kwa nguvu, halafu kamua tena.

Kuna jambo la usalama lisilofanyiwa mzaha. Muhogo una viini vinavyotoa sumu ya sianidi. Aina chungu zinavyo vingi, aina tamu kidogo, na kwenye ganda ni zaidi kuliko kwenye nyama yake. Ndiyo maana tunasema mtamu tu, umenywe kwa kina, ukwanguliwe na kuoshwa. Nunua kwa muuzaji anayejua umetoka shamba gani. Usionje mbichi. Nyuzi zikitoka kwenye mafuta zikiwa chungu, zitupe zote. Muhogo wenye mistari ya bluu au nyeusi ndani umeshazeeka, na hiyo huanza siku mbili tatu tu baada ya kung'olewa. Kwa walio Ulaya, Marekani au Ghuba, muhogo wa barafu uliomenywa ni mzuri tu. Ukwangue ukiwa haujayeyuka wote, unakwanguka kirahisi zaidi, kisha ukamue mara tatu badala ya mbili.

*Moto.* Mafuta ya moto kuliko ya vitunguu, nyuzijoto 175 hivi. Kwa asiye na kipimajoto: uzi mmoja ukizama na kupanda juu mara moja ukiwa na mapovu mengi, yako tayari. Kaanga kwa mafungu matatu, konzi moja kila fungu, dakika 3 hadi 4. Sekunde kumi za kwanza ndizo za kutawanya kwa uma. Ukichelewa, nyuzi zimeshakamatana. Habari njema ni kwamba muhogo ni wanga mwingi na sukari kidogo, hivyo haukimbilii weusi. Hata kwenye jiko la mkaa, ambako huwezi kupunguza moto kwa kidole, utabaki na nafasi ya kusahihisha. Opoa zikiwa za manjano hafifu na mlio wa mapovu umekaribia kunyamaza. Chumvi na pilipili ya unga zitiwe papo hapo, zikiwa bado zina mafuta ya kuzishika.

*Uimara.* Ndio bingwa wa kigezo hiki: dakika 20 na zaidi juu ya majani. Kwenye chupa kavu, siku mbili tatu.

*Ladha.* Yenyewe haina ladha kali, na hilo ni faida. Inabeba chochote: pilipili, ndimu, bizari. Parachichi hupendeza nayo kwa sababu moja ni laini na nyingine ngumu. Ukiitia chumvi kidogo mno, itakuwa kama haipo.

*Inamfaa nani.* Mwenye wageni wanaokuja kwa mafungu, mwenye meza ya kujipakulia, na mwenye jiko la mkaa. Haimfai mwenye haraka sana au asiye na uhakika na muhogo wake.

Sukuma wiki iliyokaushwa

*Kazi.* Majani 8 hadi 10, kama gramu 100 bila mashina. Dakika 20, nyingi zikiwa za kusubiri. Kuna njia mbili, na kila moja ina ukataji wake. Kwa tanuri, toa uti wa katikati, rarua vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, vipake kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kwa vidole mpaka kila kona ing'ae, vitandaze visipandane. Kwa mafuta, katakata nyuzi nyembamba kama za kupika na ugali. Wengi Kenya hukatiwa na mama mboga kibandani. Ukataji wake ni mzuri mno kwa kazi hii, ila sukuma iliyokwisha kukatwa ni vigumu kuikausha. Mwombe majani mazima, osha, kausha, kisha kata mwenyewe.

*Moto.* Tanuri nyuzijoto 150, dakika 12 hadi 15. Angalia kuanzia ya kumi. Jani likianza kuwa kahawia limeshakuwa chungu. Linatakiwa libaki kijani na livunjike likiguswa. Kwenye mafuta ni sekunde 30 hadi 45 tu, na jani lisipokuwa kavu kabisa mafuta yataruka hadi ukutani, maana maji yakigusa mafuta ya moto hugeuka mvuke ghafla. Tia konzi ndogo, rudi nyuma hatua moja, kuwa na kifuniko mkononi. Hiyo ni njia ya kuepuka kama watoto wako jikoni.

*Uimara.* Hapa ndipo inapoanguka. Jani ni jembamba, halina mwili wa kuzuia unyevu. Dakika 3 hadi 5 juu ya saladi, na pwani hata kwenye sahani tupu linaanza kulegea ndani ya saa moja. Likilegea, rudisha tanurini dakika 3.

*Ladha.* Chumvi, uchungu mwepesi, kitu cha mwani. Tia chumvi nusu ya unavyodhani: jani husinyaa, chumvi haisinyai. Juu ya letusi ni kijani juu ya kijani, kwa hiyo ongeza kitu chenye rangi na utamu, nyanya ndogo au chenza.

*Inamfaa nani.* Asiyetaka kukaanga kwa mafuta mengi na ana tanuri. Anayekula mara moja, peke yake au wawili.

Kiazi kitamu

*Kazi.* Kiazi kimoja cha gramu 250. Dakika 50 kwa saa ya ukutani, ingawa mikono inafanya kazi 20 tu. Kichane kwa kifaa cha kumenyea, vipande virefu vya milimita moja. Loweka kwenye maji baridi dakika 20 hadi 30, yanaondoa wanga na sehemu ya sukari iliyo juu. Kausha kipande kwa kipande.

*Moto.* Ndicho kigumu kuliko vyote. Sukari yake huleta rangi kabla maji hayajaisha, kwa hiyo macho yanakudanganya: kipande kimeshapendeza kwa nje na bado ni laini ndani. Weka mafuta nyuzijoto 150 hadi 160, vipande vichache vichache, dakika 3 au 4, na uamini sikio. Mapovu yakikaribia kwisha, opoa, hata kama ni kingo tu zilizobadilika rangi. Viazi vyenye nyama nyeupe au ya njano hafifu ni vikavu na hukaangika vizuri zaidi. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vina maji mengi, vinataka moto mdogo na subira zaidi. Kwenye mkaa, tunashauri usijaribu kama bado hujazoea.

*Uimara.* Dakika 8 hadi 10. Vikilowa havigeuki kitu kibaya sana, vinabaki kama tambi tamu.

*Ladha.* Hiki ndicho watoto huombea. Na ndimu na pilipili kichaa, utamu wake unasimama vizuri mno.

*Kinamfaa nani.* Mwenye jiko la gesi au umeme, na muda, na familia inayokimbia majani.

Karoti tumeiacha kwa makusudi. Ina maji na sukari nyingi pamoja, husinyaa hadi kubaki kidogo sana, na kwa kazi ileile kiazi kitamu kinakupa zaidi.

Kwa hali yako

Kama utapakua na kula papo hapo, chochote kati ya vinne kitakufaa. Chagua kwa ladha na kwa kilichopo nyumbani. Kama meza itakaa zaidi ya dakika 10 kabla ya watu kukaa, basi muhogo, au weka bakuli la vitunguu kando kila mtu ajimwagie mwenyewe.

Kwa chakula cha kubeba kazini, majani na cha juu visafiri mbalimbali, na sosi kwenye kichupa chake. Vitunguu ndivyo vinavyosafiri vizuri, maana havivunjiki kuwa unga njiani kama sukuma.

Kwa anayepunguza mafuta, sukuma ya tanuri. Asiye na tanuri lakini ana kikaango cha hewa aiweke kwa nyuzijoto 150, dakika 5 au 6, na aweke kitu chepesi cha chuma juu ya majani, la sivyo feni itayapeperusha hadi kwenye waya wa joto na kuyaunguza.

Kwa futari, wakati jikoni kuna sufuria tano na macho yako hayawezi kukaa kwenye moja, kaanga vitunguu vya siku kadhaa asubuhi au usiku wa kuamkia, ufunge vikipoa kabisa. Jioni inabaki kazi ya majani tu.

Kwa anayeanza kujifunza kukaanga, aanze na muhogo mtamu wa uhakika, ambao unamvumilia akichelewa sekunde kumi, aende kwenye vitunguu, kiazi kitamu kiwe cha mwisho.

Na ukiwa huna muda hata wa kimoja, nunua krisps za muhogo dukani, ziponde kwa mkono ziwe vipande vya ukubwa wa kucha, na upunguze chumvi ya sosi hadi nusu, kwa sababu hizo zimeshatiwa chumvi ya kutosha.